Hakuna Hata Tone Chini ya Mwingereza

Baba,

Assalam alaykum huko uliko, na unisamehe kwa kuanza na hasira kabla ya dua. Dua nimeshakusomea. Hasira ndiyo bado iko nami tangu Jumapili, na nisipokuandikia wewe nitamwandikia Baba mdogo Sadiki, na yeye yuko hai, itamuuma.

Jumapili nimemnyang'anya Bwana Fulgence pikipiki yako mbele ya watu. Nataka uyasikie kwangu mimi mwenyewe.

Ulipotutoka tulikaa matanga, tukafika arobaini, tukasoma hitima. Siku hiyohiyo, sufuria za pilau hazijaoshwa, wakaja wale wapenzi wa pikipiki za Kiingereza kutoka Bujumbura. Ni walewale waliokuwa wanateremka Jumapili kwa barabara ya ziwa, wanasimama mlangoni kwetu, wanamzunguka Mwingereza wako, ndivyo ulivyoiita pikipiki yako, kwa adabu ambayo sijawahi kuona wakimpa mtu. Wanataja mwaka aliotengenezwa, wanapapasa tangi, wanamwomba umwashe wasikie sauti. Bwana Fulgence, mkubwa wao, siku moja alifumba macho akiisikiliza injini na chozi likamtoka. Lilikuwa chozi la kweli, sikatai. Lakini siku ya maziko yako, Baba, sikuona hata mmoja wao aliyeshika jeneza.

Wakamwambia Baba mdogo: "Tupatie tuitunze. Tutaifanya mupya, tuiweke pahali pazuri, na jina la muzee juu yake." Baba mdogo akakubali, akasema hiyo ni heshima kubwa. Akaongeza, "Na huyu Zaina, mutoto mwanamuke, atafanyia nini chuma hiki?" Mimi nilikuwa nimesimama hapo na birika mkononi. Nikamimina chai.

Sasa hapa hasira yangu inafika kwako, na leo utanisikiliza. Kwa nini walifikiri hivyo? Nani aliwafanya waamini kwamba fundi wa Mwingereza ni wewe? Miaka sita mikono yako ilikuwa inatetemeka, hata kijiko cha uji kilikuwa kinakushinda. Karakana ya mashine za boti pale bandarini niliiendesha mimi. Kabureta ya Mwingereza niliifungua mimi. Na Jumapili wageni wakifika unaniambia, "Zaina, letea wageni chai," kisha unakaa unawaeleza ulivyosafisha kile nilichosafisha mimi. Nilijua unaona haya kwa ajili ya mikono yako, ndiyo maana nilikuachia. Nilikupenda, nikanyamaza. Ukanipenda, ukanyamaza. Na kunyamaza kwetu ndiko kulikompandisha Mwingereza juu ya gari la watu.

Hawakuuliza hata spana zake. Zile spana za inchi ulizovuka nazo ziwa kutoka Kigoma, Mwingereza mwenyewe akiwa vipandevipande ndani ya magunia katikati ya magunia ya ndagala, mkashukia Kabonga. Mama alikuwa anasema pikipiki ile ilinuka samaki mwaka mzima. Spana ziko palepale kwenye kitenge ulichozifungia. Nilikimbia nazo mpaka barabarani siku waliyomchukua, gari likawa limeshaondoka.

Na Gitaza, kwenye barabara ya ziwa, unakumbuka? Ulinifundisha kwamba Mwingereza gia yake iko mguu wa kulia na breki iko wa kushoto, kinyume cha pikipiki za leo. Mimi nilishazoea za leo. Mbuzi akakatiza, nikakanyaga mguu wa kulia kwa nguvu zangu zote, nikabadilisha gia, tukaingia wazimawazima ndani ya chanja za ndagala. Wale kina mama walitusema mpaka tukakosa pa kutazama. Ukazichukua ndagala zote zilizomwagika. Tulizila wiki nzima na mchanga wake, na kila nilipouma changarawe ulikuwa unaniuliza, "Zaina, breki iko mguu gani?"

Lakini kitu nilichoshika kuliko vyote ni boksi. Kila asubuhi baada ya sala ulikuwa unachomoa lile boksi la sabuni ulilolilaza chini ya injini, unalipeleka kwenye mwanga, unasoma madoa. "Matone manne. Yuko muzima." Watu wanadhani pikipiki inayovuja ni mbovu. Uliniambia Waingereza wa rika lile wanavuja kwa asili yao, na siku boksi likiwa kavu, usipige kiki hata moja. Kukauka maana yake oili imekwisha ndani, na injini bila oili inajila yenyewe.

Basi Jumapili hii wakatualika kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Rumonge. Baba mdogo alivaa kanzu yako ya Idi. Mwingereza walimsimamisha juu ya zulia jeupe, Baba, zulia jeupe kabisa, anang'aa kiasi cha kuumiza macho. Nikasogea. Nati zilikuwa zimetafunwa kona zote. Walizifungua kwa spana za milimita, kisha wakazipaka rangi ya fedha juu ya vidonda. Nikauma meno. Halafu nikatazama zulia. Halikuwa na doa.

Bwana Fulgence alikuwa anahutubia. "Tumeiponyesha," anasema. "Siku tatu iko hapa, haijavuja hata tone moja." Watu wakapiga makofi. Akasema sasa ataiwasha, tuisikie sauti ya muzee.

Miguu yangu ilikwenda kabla yangu. Nikafungua kifuniko cha oili chini ya kiti, nikaingiza kidole mpaka mwisho. Nikakifuta juu ya zulia lao. Jeupe vilevile. Nikasema haina oili, musiiwashe. Akacheka kwa upole, yule mtu, akaniambia, "Dada, hii imepita kwa wataalamu. Leo ni siku ya furaha." Akapandisha mguu kwenye kiki.

Nikachomoa waya wa buji, ule unaopeleka cheche, nikautia ndani ya mkoba wangu.

Baba mdogo akasimama. "Zaina, unatutia haya mbele ya wageni."

Nikamjibu kwa sauti ya bandarini, ile uliyokuwa unanikataza nyumbani. Nikasema Mwingereza huyu fundi wake ni mimi. Miaka sita. Baba mikono ilimshinda, kila sauti mliyoililia machozi ilitoka kwenye mikono hii. Nimeitoa siri yako, Baba, mbele ya watu wa Rumonge na wa Bujumbura, na ulipenda uondoke nayo. Nisamehe. Na kama husamehi, nimeshaitoa.

Halafu fundi wao akasema, anatazama viatu vyake, kwamba walimwaga oili yote ili asichafue zulia, wakasahau kurudisha. Zulia. Wanaijua hata namba ya injini kwa kichwa, wanajua ulikotoka kila mkwaruzo, na walikuwa karibu kumuua kwa ajili ya zulia.

Baba mdogo alikaa chini. Baadaye, bila kunitazama, akamwambia Bwana Fulgence, "Irudi kwetu." Wakataka kumpakia garini. Nikakataa. Nilimsukuma kwa magurudumu yake, na buibui langu la sherehe, kina mama waliotoka sokoni wakisaidia. Bwana Fulgence alisukuma nyuma, viatu vyake vyeupe vimejaa vumbi. Tulipofika akanishukuru, "Murakoze." Naweza kumjibu siku nyingine, bado sijaamua.

Nimemtia oili. Kumwasha sijamwasha, esansi hakuna kwenye pampu hapa Rumonge, watu wanalala kwenye foleni. Nilirudisha boksi mahali pake. Jumatatu, kavu. Jumanne, kavu. Jana, kavu. Nikaanza kuogopa kwamba walimwasha huko kwao kabla sijafika, injini ikajila yenyewe, na kwamba wewe umekufa mara ya pili na mimi nilikuwa namimina chai.

Leo baada ya sala nimelichomoa boksi, nikalipeleka kwenye mwanga. Tone moja, Baba. Yuko muzima.

Nakuaga hapa, mafuta yakipatikana nitakuwa na kazi. Nitampiga kiki mwenyewe, nitapita naye barabara ya makaburini polepole ili umsikie, breki mguu wa kushoto. Nakuahidi hatakanyaga zulia tena. Na Bwana Fulgence ametuma salamu kwamba Jumapili watateremka, wanataka kumsikiliza fundi. Waje. Nitakaa kwenye kiti chako, niwaeleze.

Chai ataleta Baba mdogo.

Binti yako na fundi wako,
Zaina