Manase wa Matangazo Hakupona

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoanguka mlangoni kwako Mabawa na kutuacha. Tulitaka kukukumbuka kwa utulivu. Tumeshindwa, kwa sababu bado tunakusikia Ngamiani ukiuza dawa.

Mji mzima ulikujua kwa sauti. Mikutano, misiba, watoto waliopotea, yote ulitangaza wewe, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwenye lile gari lenye spika mbovu. Msiba hukuutangaza mpaka ufike mwenyewe kwa wafiwa, ukae, uulize jina la marehemu mara mbili. Nyumbani hukupenda kelele. Hata redio uliipunguza, ukisema masikio nayo yanahitaji kulala.

Kifua kilipokubana, madaktari walisema mishipa inayolisha moyo imeziba. Wangetoa mshipa mguuni, waupandikize kwenye moyo, damu ipate njia nyingine ya kupita. Sisi tuliogopa, wewe ukatucheka. "Mguu huu umeendesha baiskeli Tanga nzima," ulisema, "utashindwa kufika moyoni?" Tarehe ikapangwa.

Ndipo muuza dawa mmoja wa Ngamiani akakuletea chupa ya kuzibua mishipa bila kisu. Ulikuwa umepumzika siku kadhaa, kifua kikatulia, ukaamini ni chupa. Ukamrekodia tangazo kwa nia njema: "Mimi Manase wa matangazo, nimepona." Upasuaji ukaukataa. Mwezi huohuo tukakuzika.

Yeye alikuja matangani, akala wali wetu. Kesho yake akakuwasha tena kwenye kipaza sauti. Mama alipomwomba azime, akaongeza sauti. Tunaona kinyaa. Tumetafuta neno la adabu zaidi, hatukulipata.

Wiki iliyopita Mama alimkuta pale kwa muuza dawa mwanamke wa Maramba akinunua chupa. Mumewe amepangiwa upasuaji kama wako. Mama akamwambia, "Dada, anayesema hapo ni mume wangu. Nimemzika." Yule mwanamke akasikiliza kidogo, akamtazama Mama. "Mbona mwenyewe anasema amepona?" Akaondoka na chupa yake.

Kwa hiyo, Baba, tunakukatiza, utusamehe. Dada wa Maramba, kama maneno haya yamekufikia: Manase amekufa. Mwaka mzima sasa amekufa. Mpeleke mumeo akapasuliwe.

Unakumbukwa na mkeo Kristina, wanao Hosea na Consolata, na mdogo wako Daniel. Tunakupenda, Baba, na hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Ila hiyo sauti, tunataka inyamaze.