Mume Wangu Anakimbia

Jumatatu, 4 Agosti

Ametoka tena. Nimemsikia akivaa viatu mlangoni kwa kunyata, akidhani nimelala. Sijalala. Nahamia upande wake wa kitanda, penye joto lake, navuta blanketi mpaka puani na kumfuata kwa mawazo. Anapita stesheni ya Doonside. Anashuka bondeni kwenye kijito. Ukungu unamfika magotini. Mume wangu. Tulifunga ndoa baada ya Pasaka na bado nalisema neno hili polepole, kama mtu anayemung'unya pipi asiyotaka iishe.

Amerudi mabega yakitoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Nje nyasi nyeupe kwa baridi, maana huku ughaibuni Agosti ndiyo kipupwe. Nimempa uji wa ulezi, maziwa, ndizi mbivu. Maharage ni ya jioni. Nimejifunza. Wiki ya kwanza ya ndoa nilimlisha maharage kabla hajakimbia, akarudi anatembea, kashika tumbo. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Asubuhi ni ya miguu yake. Mchana ni wa wanafunzi wake. Jioni ni ya chungu changu. Ndivyo tulivyogawana, na mimi naona nimepata fungu nono.

Jumatano, 6 Agosti

Audace anafundisha chuo kikuu. Somo lake ni maji ya ardhini. Mimi niliishia sekondari, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Rooty Hill, nawaogesha, nawalisha, nawaimbia. Kabla ya kumjua sikuwa na habari kwamba kuna maji yanatembea chini ya miguu yetu, polepole sana, gizani, mpaka yapate mahali pa kutokea. Siku aliyonieleza hayo ndiyo siku niliyompenda. Sikumwambia kwa muda mrefu.

Somo analitunga akikimbia. Akifika darajani ana mwanzo. Akipanda kilima ana mwisho. Mezani, anasema, akili yake ni mkaa wenye unyevu. Moshi tu.

Habari kubwa leo. Siku zote amekuwa akipewa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Sasa kuna nafasi ya kudumu. Kamati itakaa darasani kwake Alhamisi ya tarehe 21 kumtazama akifundisha. Aliponiambia aliniinua juu hapohapo jikoni, na mwiko mkononi. Sombe, kisamvu chetu, ikaungua chini. Tuliila hivyohivyo. Tamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mapumziko kazini. Furaha ilinijaa kifuani, nikashindwa kuinyamazia. Nikatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu ya familia. "Mama, mume wangu anakimbia! Kila alfajiri anatoka, naachwa kitandani peke yangu, na bado nampenda vilevile!" Bosi akaniita. Nikafungia simu kabatini.

Jioni nimekuta Mama amepiga na kupiga. Nimempigia, hapokei. Atakuwa kwenye maombi.

Nimepika ndagala, dagaa wa kwetu, kwa nyanya na mawese. Audace amekula akifumba macho. Nilimtazama tu. Sikumbuki kama mimi nilikula.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu. Aibu tupu.

Nilifungua mlango kabla ya jua kutoka vizuri nikamkuta Mama, katoka kwake Granville kwa gari la watu, na nyuma yake Mzee Boniface, mshenga wetu. Ndiye aliyepeleka posa. Ndoa ikiyumba ndiye huitwa. Alikuwa ametoka shifti ya usiku ghalani, koti la kazi la rangi ya machungwa, na juu yake tai.

Na Audace hayupo. Yupo kijitoni huko.

"Amekimbia na nini?" akauliza Mzee Boniface.

Nilikuwa na usingizi bado. "Na viatu," nikasema.

"Yebaba wee! Viatu tu?" Mama akaingia chumbani kwetu, akafungua kabati, akapapasa mashati. Akachungulia chini ya kitanda. "Sanduku lipo, Boniface. Hajafika mbali."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa watu wetu kukimbia kuna maana moja. Mama alikimbia Burundi. Mzee Boniface alikimbia mara mbili. Mimi nilizaliwa kambini Kigoma kwa sababu watu walikimbia. Hakuna aliyewahi kukimbia kisha akarudi nyumbani kunywa uji.

Mlango ukafunguliwa, mume wangu akaingia na kaptura.

Kaptura fupi. Mapaja nje, mbele ya mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hata kutazamana usoni ni taabu. Audace alirudi nyuma kama aliyekanyaga moto, akashika kitu cha kwanza alichokiona, akajifunga. Ilikuwa aproni yangu ya maua.

"Mwanangu," akasema Mzee Boniface kwa upole, "nani anakufukuza?"

"Hakuna, Mzee. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya kukimbia nini?"

Mimi nilikuwa nauma kanga nisicheke. Mama hakucheka. Uso wake ulikuwa kama ukuta. Yeye hasemi na mkwe moja kwa moja, kwa hiyo akamgeukia mshenga. "Mwambie, mwanamume wa mwaka wa kwanza hatoki kitandani kabla ya jua." Mzee Boniface akamwambia, ingawa chumba kizima kilikuwa kimesikia.

"Sawa," akasema Audace. Basi. Ndani ya aproni ile angekubali hata kurudishwa kambini.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka naye! Mwanga ulipoingia alikuwa hapa, pua yake shingoni mwangu. Niliomba siku isianze. Mungu anisamehe, nilimshukuru Mama moyoni. Kanisani nilitembea kama bibi harusi tena, mkono wake mkononi mwangu, na akina mama wakinikonyeza.

Pengine tutaishi hivi. Pengine ni vizuri zaidi.

Jumatano, 13 Agosti

Audace halali. Anaamka saa yake ileile anatazama dari. Chini ya blanketi miguu yake inacheza kidogo, kama ya mbwa anayeota. Nalala kando yake na sijawahi kuwa mbali naye hivi.

Uji nusu bakuli. Maharage nusu sahani. Anasema "asante, mke wangu" kwa sauti ya mgeni.

Usiku yuko mezani na karatasi za somo. Anaandika, anakata. Moshi tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo alipotea darasani. Katikati ya somo alilolifundisha miaka mitatu. Alisimama mbele ya wanafunzi wake akashika kalamu na hakuna kilichokuja. Wakamsubiri. Mmoja akakohoa. Akawapa mapumziko ambayo hayakuwa kwenye ratiba, akaenda kunawa uso.

Alinisimulia akinipa mgongo, anamenya vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

Nikamwambia akimbie. Mama yuko Granville, ataonaje? Akageuka. "Nimempa mama yako neno langu. Unataka niwe mkwe wa namna gani?"

Nikasema akimbie jioni basi. Jioni anasahihisha kazi za wanafunzi, na jioni ni ya chungu, anajua hivyo na mimi najua.

Nina hasira. Na Mama. Na yeye kwa kuwa mwema kupita kiasi. Na mdomo wangu zaidi ya wote. Alhamisi inakuja. Akipotea mbele ya kamati itakuwa ni mimi niliyempoteza, kwa ujumbe wa sauti, kwa furaha. Mkwe hawezi kumpinga mama mkwe. Lazima aende mtoto, yaani mimi. Naogopa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda Granville baada ya ibada, kwa treni, peke yangu.

Mama alikuwa ameketi jikoni anachambua ndagala, anang'oa vichwa. Nikaketi nami nikaanza kung'oa. Nikamweleza. Kwamba hapa watu wanakimbia bila kufukuzwa, wanaenda na kurudi, ni kama wengine wanavyolima bustani. Kwamba kuna mkimbizi na kuna mkimbiaji. Kwamba masomo yake yote anayapata njiani, na bila hayo chuo hakitamtaka. Nilisema kwa mpangilio mzuri. Nilikuwa nimejizoeza kwenye treni.

"Mkimbiaji," akasema Mama. Akalizungusha neno mdomoni. "Sisi hatukuwa na hilo."

Kisha akasema, bila kuinua macho: "Baba yako alitoka alfajiri."

Nilijua baba aliuawa vitani. Hilo nimelijua tangu utoto. Sikujua alitokaje.

"Alisema anakwenda kutazama njia kama ni salama. Alivaa viatu mlangoni polepole nisiamke. Nilikuwa macho. Sikusema kitu, nilitaka adhani nimelala. Nikahamia pale alipokuwa amelala, palikuwa na joto. Wewe ulikuwa tumboni."

Nikaacha kung'oa. Ndagala mkononi. Sikuwahi kumwambia Mama juu ya upande ule wa kitanda. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Hakulia. Mimi nililia kwa ajili yetu wote wawili. Akanipa ncha ya kitenge chake nifute. "Chambua, mwanangu, zitaoza." Tukachambua mpaka zikaisha. Sikurudia ombi langu. Ningelirudia kwa mdomo gani?

Nimerudi nyumbani mikono ikinuka samaki. Audace hakuuliza. Alinishika tu.

Jumatatu, 18 Agosti

Simu ya Audace imelia wakati wa kula. Akatazama kioo, akasimama wima. Ni Mama. Mama, ambaye tangu posa hajawahi kumpigia, ambaye kila neno lake kwake hupita kwangu au kwa mshenga.

Aliongea amesimama, kichwa chini, kana kwamba yuko mbele yake. "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Sauti ya Mama ni kubwa, nimesikia kila kitu.

"Mwanangu, kakimbie. Ila ukirudi niambiwe kwamba umerudi. Kila siku. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na uvae suruali ndefu."

Jumanne, 19 Agosti

Ametoka! Na suruali ndefu! Alijikwaa kwenye zulia gizani nikacheka kwa sauti, hakuna tena kujifanya nimelala. Nimemwambia kwaheri mdomoni kabisa. Nitamwambia hivyo kila siku ya maisha yetu.

Amekaa sana. Amerudi tope mpaka magotini, macho yanang'aa, hata hajavua viatu, akaanza kuongea juu ya mchanga na udongo wa mfinyanzi na namna maji yanavyochagua. Bakuli mbili za uji. Akaomba na maharage ya jana. Asubuhi! Nikampa.

Nimemwandikia Mama: Amerudi. Akajibu: Asante Yesu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilibadilishana shifti nikaenda. Audace aliniomba. Nilikaa safu ya nyuma kabisa kati ya wanafunzi wenye kompyuta na kahawa, na gauni langu la kanisani. Kamati ilikuwa mbele, watu wanne wenye kalamu.

Sikuelewa hata nusu. Alisema mvua ikinyesha leo juu ya kilima, maji yake mengine yatatokea kisimani wakati wajukuu wetu ni wazee. Alisema maji hayapotei, yanachelewa. Msichana aliyekuwa karibu yangu aliacha kuandika akasikiliza tu. Nilitaka kumgusa bega nimwambie, huyo ni mume wangu, jana alilala na mguu wake juu ya wangu.

Hakupotea hata mara moja.

Jumatano, 27 Agosti

Jibu limekuja. Amepata. Ya kudumu.

Alilisoma akiwa amesimama kwenye jukwaa la treni akanipigia, na mimi nilikuwa namlisha bibi mmoja supu. Nikapiga kelele. Bibi naye akapiga kelele, hajui kwa nini, akacheka.

Mzee Boniface anasema ni kwa sababu ya aproni.

Jumamosi, 30 Agosti

Mama amelala kwetu jana baada ya sherehe. Tulikula mpaka tukashindwa kuinuka, yeye na Audace meza moja, kila mmoja akitazama sahani yake, wakipitishiana chumvi kupitia kwangu.

Alfajiri Audace katoka. Nimemwambia kwaheri. Baridi imepungua, lakini ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nimeamka kunywa maji nikamkuta Mama jikoni gizani, kasimama dirishani, kajifunga kitenge. Sijui alisimama hapo tangu saa ngapi. Pengine alisikia viatu.

Nikasimama naye. Bega lake lilikuwa la baridi, nikaliegemeza kwangu. Barabara haikuonekana. Taa moja tu, ya njano, na weupe.

Tulikaa hivyo muda mrefu.

Kisha kitu kikasogea kwenye ule weupe, kidogo, kikawa mtu, kikawa mrefu.

"Huyo," akasema Mama.

Akajifunga kitenge vizuri, akageuka kuwasha jiko.