Macho ya Keshi Teklay

Megab, Tikimti 14

Kwa dada yangu Abrehet,

Nakusalimu kwa salamu zote za nyumbani. Umeamkaje, shemeji ameamkaje, na ile presha imeshuka au bado unagombana na serikali kila Jumatatu gazetini? Huku wazima. Mvua imekatika, shayiri imesimama vizuri, Medhin anakusalimu, na mtoto anaota meno, hatulali.

Kubwa la kukuambia ni kwamba wageni wamerudi. Baada ya vita nilidhani nitakufa nikichunga mbuzi, lakini sasa kila wiki napata gari kutoka Mekelle, watu watano au sita, wanakuja asubuhi na kurudi jioni. Nawapitisha kwenye nguzo za mawe, kisha kanisa la chini, wanakula, halafu nawapandisha Kirkos, kanisa la juu jabalini. Baba ndiye anayewapokea penye ukingo. Anawavua viatu kama kawaida, anashika kifundo cha mguu cha kila mmoja na kuuweka mguu kwenye shimo lake mwambani. Mjerumani mmoja aliandika mtandaoni kwamba padri wetu hupanda jabali huku amefumba macho, akisali. Tangu hapo kila kundi linamuulizia "padri anayesali."

Ulisema utakuja mwezi ujao. Ngoja kidogo, barabara ya Hawzen imeharibika sana.

Mdogo wako,
Hadush


Addis Ababa, Tikimti 29

Hadush,

Salamu. Mimi mzima, presha haijashuka na barua yako haikusaidia. Mbusu mtoto. Mpe Medhin pole ya kukosa usingizi.

Sasa tuzungumze. Naandika kwa sababu nikikupigia simu unakata. Yodit, yule tunayekaa naye chumba kimoja gazetini, alikuja huko kwenye hiyo safari yako ya siku moja. Hakukuambia kwamba ananifahamu. Amerudi na picha nzuri na maneno mabaya. Anasema baba alimnyooshea msalaba aubusu, na msalaba ukanyooshwa pembeni, kwenye hewa, nusu hatua kutoka alipokuwa amesimama. Anasema alipofungua mlango, ufunguo uligonga ubao mara kadhaa kabla ya kulipata tundu, na wewe ulikuwa unaongea kwa sauti kubwa juu ya michoro ya ukutani ili wageni wasiangalie mkono wake.

Baba haoni. Sema ndiyo au hapana. Usinipe habari za shayiri.

Na huyo Mjerumani wako anayeona utakatifu kila mahali mwambie hivi: mzee mwenye mtoto wa jicho anayetembea kwenye ukingo usiozidi upana wa ubao wa kukatia mboga, na shimo la mita mia mbili chini yake, hasali. Anapapasa! Dunia nzima inalipia gari kuja kupiga picha upofu wa baba yangu na kuuita imani, na mwanawe wa kiume ndiye anayewaonyesha njia.

Dada yako,
Abrehet


Megab, Hidar 8

Dada,

Salamu. Sote wazima.

Ndiyo. Jicho la kushoto limekwenda tangu wakati wa vita, la kulia lina ukungu. Anaona mwanga na kivuli. Haya, umepata ulichotaka.

Lakini wewe umeondoka hapa muda mrefu, umesahau mambo yanavyokwenda. Ufunguo wa Kirkos hakai nao mtu asiyepanda. Padri mwenye ufunguo apande mwenyewe, afungue kwa mkono wake mwenyewe. Akishindwa, wazee wa parokia wanaupeleka nyumba nyingine, na nyumba inayofuata ni ya padri mwenzake, Keshi Areaya. Unamjua mwanawe, yule mwenye gari jipya jeupe. Siku ufunguo ukiingia kwao, hakuna mgeni wangu hata mmoja atakayeonja kivuli cha lile kanisa. Mimi sikumaliza masomo ya ushemasi, siwezi kurithi. Ulifurahi nilipoacha, unakumbuka? Ulisema kijiji kimepata mtu mmoja mwenye akili.

Na sisemi kwa ajili yangu tu. Nilimwambia, "Baba, twende Mekelle wakakuangalie macho." Akaniuliza, "Mguu wangu umewahi kukosa shimo?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi anayeumwa ni nani?" Ana haki ya kuuliza. Pale juu hakuna anayepanda kwa macho. Wewe mwenyewe ulibebwa pale mgongoni kwa mama ukabatizwe, na mama aliniambia alipita akiwa ameuelekezea uso mwambani mwanzo hadi mwisho.

Niachie. Nakaa nyuma yake kila siku, mkono wangu uko karibu na mshipi wake.

Hadush


Addis Ababa, Tahsas 2

Mdogo wangu Hadush,

Nakusalimu, na nakuomba uketi kabla hujaendelea.

Ijumaa iliyopita ulikuwa Aksum na wageni wengine. Nilijua, kwa sababu nilimpigia wakala wa Mekelle na kuchagua siku hiyo makusudi. Nilipanda gari lako kama mgeni, kiti cha nyuma, na kofia kubwa na miwani myeusi. Tulikuwa watano: mimi, mama mmoja wa Kiholanzi, mume na mke kutoka Japani, na kijana mmoja aliyekuwa anatapika kila kona. Kijana wako Berihu ndiye aliyetuongoza. Nilizungumza Kiingereza tu. Aliniuliza natoka nchi gani, nikasema, "Mbali." Akasema, "Karibu nyumbani kwetu, mama." Nyumbani kwetu!

Berihu ni mwongozaji mzuri, nakupa hongera yako. Alitusimamisha penye nguzo za mawe, akamwambia Mjapani, "Ile nyekundu ni bwana harusi, hizi ndogo ni mashemeji zake wanadai zawadi." Watu walicheka. Tulikula injera na mchuzi wa shiro wa mfungo, tukanywa kahawa. Kisha tukapanda.

Mama wa Kiholanzi alipouona ukingo alisema, "Kamba iko wapi?"

"Ya nini, mama? Hapa hatufungi mbuzi."

"Na mtu akianguka?"

"Hajaanguka mtu."

"Hajaanguka, au hajahesabiwa?"

Berihu akacheka, lakini nilimwona anaangalia pembeni.

Halafu baba akatoka kwenye kivuli cha jiwe. Hadush, amekonda. Hukuniandikia hilo. Alivua viatu vya wageni mmoja mmoja, akafika kwangu. Alinishika kifundo cha mguu kwa mkono ule ule uliokuwa ukinifunga viatu vya shule, akauweka mguu wangu kwenye shimo, akasema kwa kile Kiingereza chake, "Slowly, slowly." Kule juu mlangoni nilivua miwani. Nilivua na kofia. Nikasimama mbele yake, uso wangu na uso wake, karibu kiasi cha kuona nyuzi za kilemba zilivyochakaa. Macho yake ni meupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Akanigusa paji la uso kwa msalaba, akasema, "Welcome. Photo no problem."

Mzaliwa wake wa kwanza. Photo no problem.

Wakati wa kushuka nilimwangalia miguu. Anatanguliza kidole gumba, anafagia, anatafuta. Mara moja kidole kilifika hewani. Alikirudisha bila haraka, kama mtu anayerudisha kikombe mezani, na yule Mjapani nyuma yangu akanong'ona, "So peaceful." Mkono wako haukuwa karibu na mshipi wa mtu yeyote. Ulikuwa Aksum.

Sikiliza vizuri. Kabla ya Krismasi baba awe kwa daktari wa macho. La sivyo nitawaandikia wazee wa parokia mimi mwenyewe, kwa jina langu, na ufunguo uende kwa Areaya, kwa mbuzi, kwa yeyote. Ufunguo ni chuma.

Dada yako,
Abrehet


Megab, Tahsas 11

Abrehet,

Salamu ya lazima: sote wazima.

Ulisimama mbele ya baba yako ukanyamaza. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipomwita "baba," sijapaona. Neno moja tu lingetosha. Angekujua kwa sauti hata kama ungemwita kutoka ng'ambo ya bonde. Lakini ulitaka ushahidi, na ukiita "baba" ushahidi unaharibika. Hivyo ndivyo unavyoandika na gazetini, najua, nasoma. Unamwacha mtu mwenyewe ajinyonge, wewe unashika kalamu.

Basi mimi nimemwambia. Kwa hasira, nakubali. Tulikuwa tunapura shayiri, nikasema, "Baba, Ijumaa ile ulimbariki Abrehet." Akacheka. Akasema, "Abrehet yuko Addis anapigana na mawaziri." Nikasema alikuwa yule mgeni wa kike wa mwisho mlangoni, ambaye Berihu aliniambia alilia. Akasema alimsikia akivuta kamasi, akadhani ni jua limemsumbua, wageni wengi macho yao hayawezi jua letu. Halafu akaelewa.

Aliweka uma wa kupuria chini. Hakula siku hiyo. Kesho yake alimwambia Medhin, akidhani sipo, "Nimembariki mwanangu kama Mjapani." Kisha akaniita. "Huyo daktari wa Mekelle," akasema, "anafungua saa ngapi?"

Tunakwenda Jumatatu. Nimezungumza na wazee. Keshi Areaya atashika ufunguo kwa muda, mpaka baba atakapoweza kupanda. Atakaporudi, atapanda Jumapili mbele yao, wao wakimsubiri mlangoni, na akifika atapewa chake. Asipofika, basi tena. Ndiyo desturi, na mwana wa Areaya ameshaanza kuosha gari lake.

Umeshinda. Omba kwamba umeshinda.

Hadush


Addis Ababa, Tiri 6

Ndugu yangu mpendwa, ndugu yangu mkaidi!

Salamu kwako, kwa Medhin, kwa meno yote ya mtoto! Presha yangu imeshuka, daktari wangu haamini.

Nimezungumza na baba kwenye simu ya muuguzi, kwa picha. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Umezeeka." Nikasema, "Na wewe umepona." Akasema, "Nywele zako ni kama za mama yako, na mdomo ni ule ule." Nililia mbele ya chumba kizima cha gazeti, wakadhani tumefungiwa.

Sitasema nilikuambia. Lakini nilikuambia, Hadush! Watu wetu wamezoeshwa kuvumilia mpaka uvumilivu wenyewe umekuwa ugonjwa, na tunautolea maelezo mazuri, tunauuzia wageni. Jambo lilikuwa dogo. Daktari, asubuhi moja, kitambaa jichoni. Sasa atapanda kama kijana na Keshi Areaya atarudisha ufunguo kwa mikono miwili.

Niandikie ile Jumapili ikipita. Niandikie kila kitu.

Dada yako mwenye furaha,
Abrehet


Megab, Lekatit 3

Kwa dada yangu Abrehet,

Salamu. U mzima? Baba mzima. Naanza na hilo ili usiruke mistari.

Najua wiki tatu ni nyingi na umepiga simu sana. Sikuwa na namna ya kukuambia kwa simu.

Ile Jumapili alivaa nguo nyeupe alizofua Medhin. Njiani alikuwa anatazama kila kitu, anataja, "Mti huu umekatwa. Jiwe hili lilipigwa na mzinga, hamkuniambia." Nilikuwa na wageni watano, nilishawaahidi, nikawaweka nyuma. Wazee na Keshi Areaya walikuwa wameshapita, wako juu mlangoni. Baba akavua viatu vyake, akawavua na wageni vyao. Akaanza.

Alifika katikati ya ukingo. Unapajua, pale mwamba unapotokeza tumbo na visigino vinabaki hewani. Hapo aliangalia chini.

Dada, alikuwa hajaiona ile hewa tangu kabla ya vita. Nadhani aliisahau, au mwili uliisahau. Alishika mwamba kwa mikono miwili, mguu mmoja ukaanza kutetemeka, halafu wa pili. Nikasema, "Baba, mbele yako kuna shimo, unalijua." Akasema, "Naliona." Nikasema, "Basi weka mguu." Akasema tena, "Naliona, Hadush. Naona yote." Hakusogea. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kilemba. Kutoka juu Keshi Areaya akaita, "Teklay! Tunakusubiri, ndugu yangu!" na sauti yake haikuwa mbaya, hilo lazima niseme. Nyuma yangu mgeni mmoja akaniuliza polepole kama padri anasali. Nikamwambia ndiyo.

Sasa mkono wangu ulikuwa kwenye mshipi wake. Nilihisi moyo wake kwenye vidole vyangu, kama ndege uliyemshika vibaya. Nikamwambia, "Baba, funga macho."

Akafunga. Mtetemo ukapungua, ukaisha. Uso wake ukawa ule wa picha za wageni. Angeweza kupanda, dada. Naapa, angepanda mpaka mlangoni bila kukosa, na wazee wasingejua, na Jumapili nyingine angefunga tena, na nyingine, na mimi ningekuwa Aksum.

Nikasema, "Mguu wa kushoto, baba."

Kisha akasema, "Kushoto ni kurudi nyumbani."

"Najua."

Areaya akaita mara ya pili. Nilisubiri, sikumvuta. Ndipo kidole gumba cha kushoto kikatoka, kikafagia, kikapata shimo la nyuma, na mguu ukafuata.

Pale chini alikaa kwenye jiwe na kuvaa viatu mwenyewe. Mwana wa Areaya tayari amechukua makundi mawili, mimi nabaki na nguzo za mawe na kanisa la chini. Siku hizi baba anakaa uani, anatazama Kirkos kutoka mbali. Jana nilimuuliza kama ana neno nikuandikie.

"Mwandikie dada yako," akasema, "aje ayachukue macho yake."

Mdogo wako,
Hadush