Koti la Muyisa

Jemima, tangu siku ile bwana yangu Muyisa alipanda Ruwenzori bila mimi, sababu mutoto alikuwa na homa, hajarudi, na sijaona kitu chake hata kimoja. Leo nimeona.

Koti lake! Hapa Kimemi, sokoni, mutu mwenye bunduki amelivaa. Kiraka chekundu nilishona mwenyewe, tulipotoka kutembeza batoto kwa pirogi kule ziwani.

Nikauliza: "Papa, koti hii ulitoa wapi?"

Akacheka. "Ku mulima, mama. Mwenyewe hasikie baridi tena."

Hasikie baridi tena! Alisema vile, Jemima! Kisha: "Na wewe, unaikalaka wapi, nyumba gani?"

Nilikimbia.

Nilikuwa nakataza familia yake kuzika shina la mugomba mahali pa mwili, vile tunafanyaka kwa mutu asiyeonekana. Nimewapigia simu. Tunazika kesho, kwao Vuhovi.