Tano Tisa kwa Kirit

Kinoo,
3 Machi 2007

Ndugu yangu Kirit,

Pokea salamu zangu. Niwie radhi kwa kunyamaza tangu Krismasi, hewani kwenye redio zetu za mawasiliano na kwa barua pia. Sisi hatujambo, ila mke wangu, Wangu, goti linamsumbua. Je, wewe na mwanao Varun mnaendeleaje huko Leicester?

Sababu ya kimya changu ni hii. Kila Jumamosi sauti yako ilikuwa ikinifikia na mkwaruzo, nami niliishuku redio yangu. Tangu ufunge duka lako la kutengeneza redio pale River Road na kuhamia huko, sina wa kuichunguza naye, kwa hiyo nilingoja wiki nane hadi fundi Kivuva akaniazima vifaa vya kupimia. Niliingiza mlio mmoja safi kwenye tundu la antena. Kwenye spika nikauchuja mlio huo, nikapima kilichobaki, kwa kuwa hicho ndicho redio ilichokiongeza yenyewe. Nilipata asilimia kumi na moja, nikafurahi kumpata mkosaji. Kumbe mlio ulikuwa hafifu, na kipimo kilihesabu mvumo wa kawaida wa redio kuwa mkwaruzo. Nilipouongeza nguvu, zilibaki asilimia mbili tu. Redio yangu ni nzima.

Basi kosa liko kwako. Umeifungua maikrofoni kupita kiasi, irekebishe. Wangu anasema nimekuandikia kama mkaguzi wa shule. Nimemjibu kwamba fundi wa miaka arobaini habembelezwi.

Jumamosi zimekuwa ndefu.

Ndugu yako,
Kiarie

Leicester,
19 Machi 2007

Bwana Mkaguzi,

Shikamoo, ingawa nimekuzidi miaka miwili! Goti la Wangu lipumzishwe, na maji achote mkaguzi.

Maikrofoni nimeipunguza, kisha nimeibadilisha. Mkwaruzo uko palepale. Varun akanipeleka kwa daktari, ambaye aliniingiza kamera kooni. Ni saratani. Wanazungumzia kuliondoa koromeo lote, na sauti iende nalo.

Sasa nijibu. Kila Jumamosi nilikuuliza unanipataje, nawe ukanijibu "tano tisa", yaani safi kabisa. Sikuuliza kwa mazoea. Varun alikuwa akisema sauti yangu imebadilika, nami nikimwambia, "Kiarie ananisikia vizuri, na Kiarie hasemi uongo." Mkwaruzo ulianza lini? Daktari anataka kujua.

Ndugu yako,
Kirit

Kinoo,
2 Aprili 2007

Ndugu yangu Kirit,

Ninakusalimu kwa aibu. Ulianza Agosti.

Unajua desturi yetu: hewani mtu hupewa tano tisa kwa adabu, hata asiposikika. Nimewakemea wengi kwa desturi hiyo, kisha nikakutendea wewe. Niliona ni utovu wa heshima kukuambia unakwaruza, na nilipoamua kusema nilikwenda kwanza kuipima redio. Nisamehe.

Usikatae tiba kwa ajili ya Jumamosi zetu. Tulijifunza msimbo wa Morse pamoja, nao hauhitaji sauti, na mkono wako ukibonyeza nukta na mistari ningeutambua kati ya mia. Lakini nimekwisha kukudanganya vya kutosha: ninaitaka sauti yako.

Ndugu yako,
Kiarie

Leicester,
16 Aprili 2007

Kiarie ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa Wangu. Daktari aliandika "Agosti". Sitakudanganya kwamba miezi hiyo haina uzito. Lakini kuna Jumamosi ya Novemba ambapo radi za kwenu zilikufunika, nikapata neno moja kati ya matano. Nami nilikupa tano tisa. Sikutaka tuagane mapema.

Njia ni mbili: kisu, ambacho ni cha uhakika zaidi, au mionzi, ambayo huenda ikaniachia sauti na huenda isiniponye. Wanataka jibu Ijumaa.

Jana nilikitoa kibonyezo changu cha Morse. Unakumbuka kwamba hapo kicheko huandikwa kwa nukta sita. Nikazipiga. Varun akauliza, "Papa, umesema nini?"

"Nimecheka."

Akanitazama. "Hebu cheka kawaida."

Nikacheka, na mkwaruzo wote. Akaomba tena.

Usiniite hewani wiki hii. Nikisikia sauti yako ikiniuliza "unanipataje?" nitashindwa kufikiri. Nikishaamua nitakuandikia, wewe kwanza.

Ndugu yako,
Kirit