Mstari wa Moyo Niliouchoma

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi. Nimetoka hospitali, nimevuka mto kwa pirogi kurudi nyumbani Lubunga, nimeloa mpaka soksi, na sina hata hasira ya kuloa.

Majibu ya kipimo cha moyo si mazuri.

Niyaandike hapa, maana nyumbani nimesema uongo. Mke wangu, Mama Feza, aliuliza kabla sijavua viatu: "Alors, docteur alisema nini?" Nikamwambia ni uchovu tu. Akaniwekea pondu na samaki, nikala kama mtu mwenye afya zake. Mimi ni mwoga. Nimekuwa mwoga siku zote, na leo nimejua gharama yake.

Daktari alitandaza mezani ule utepe wa karatasi uliotoka kwenye mashine, akaweka kidole mahali ambapo mstari unashuka badala ya kupanda. "Hapa haiko muzuri, citoyen Musafiri. Lakini siwezi kujua kama ni ya zamani ao ni mupya. Kama ni ya zamani, bon, unaweza kuishi nayo. Kama ni mupya, moyo inaumia sasa. Ulifanyaka électro mbele?"

Kipimo hicho nilishafanya. Nilipoajiriwa kwenye reli, daktari wa kazini alinipima akanipa karatasi niitunze. Nikaiweka sandukuni pamoja na cheti changu cha ubatizo. Kisha ikaja amri ya serikali ya kuacha majina ya Kizungu, na mimi Albert nikawa Musafiri. Wenzangu walificha vyeti vyao chini ya godoro wakanyamaza. Mimi niliwaogopa watu wa chama tawala. Nilipeleka nyuma ya jiko kila karatasi iliyoandikwa Albert, nikachoma zote, hata barua za marehemu baba.

Daktari nilimwambia imepotea.

Akaniandikia vipimo vingine. Nirudie utepe baada ya wiki mbili, aone kama mstari unabadilika. Nipigwe picha ya kifua, ila filamu zimekwisha. Na kipimo cha kuutazama moyo wenyewe ukipiga kiko Kinshasa, nayo meli ya kwenda huko imekwama bandarini kwa kukosa mafuta. Amenikataza pia kubeba mizigo na kucheza ngoma. Lakini kazini kila asubuhi ni lazima tucheze na kuimba sifa za rais mbele ya bendera, na mkubwa wa chama anatazama nani amesimama kando. Kesho nitacheza. Najijua.

Wiki mbili. Sina tumaini nazo, ila nitarudi, na kabla ya hapo nitamwambia Mama Feza ukweli. Nikiweza.

Tangu nifike najaribu kuikumbuka ile karatasi ya zamani. Je, mstari ulishuka au ulipanda? Nafumba macho, naliona jina pale juu, Albert, limepigwa kwa mashine, herufi kwa herufi.

Mstari wenyewe sikuwahi kuutazama.