Embe za Bwana Mulei

Jumamosi, 8 Februari 2025

Bwana Mulei wa kwaya amepitia hapa na kikapu cha embe kutoka shamba lake huko Yatta. "Mama Jackie, hizi hazina nyuzi. Hazitasumbua meno." Kumbe ameona meno yangu bandia! Basi kanisa nzima imeona. Nikamkaribisha chai, akasema ana haraka.

Nikamenya moja vile nimezoea — ganda lote kwanza, halafu inateleza, juisi mpaka kwa kiwiko. Nyama nyingi ikabaki kwa kokwa. Nikainyonya hapo kwa sinki. Tamu sana.

Jumatatu, 10 Februari

Amerudi, eti kuchukua kikapu. Akanipata nikipigana na embe ingine. Akavumilia kidogo, kisha: "Naweza?"

Akanawa mikono. Akaisimamisha, akapapasa na kidole gumba kujua kokwa imelala upande gani. Akakata shavu la huku, shavu la huku. Akachora mistari na ncha ya kisu bila kutoboa ganda, halafu akapindua — vipande vyote vikasimama! Nikacheka kama mtoto. Miaka sitini na tatu na hakuna mtu alishawahi nionyesha. Marehemu mume wangu Karanja hata kitunguu hakujua kukata, Mungu amlaze pema.

Leo chai alikunywa. Vikombe vitatu. Ameondoka saa kumi na mbili.

Jumatano, 12 Februari

Jackie amepiga simu kutoka Kamakis. Amepata watu wa kupanga nyumba yangu. Mwezi wa tatu nihamie kwake, kuna chumba kando ya cha mtoto wake. "Mum, uko peke yako huko Ngoingwa unafanya nini?"

Nikasema nakata embe.

Akacheka, akadhani ni mzaha. Sikumrekebisha. Tangu baba yake aende, huyu msichana amenibeba. Sasa mimi namficha mambo kama mtoto wa form two.

Ijumaa, 14 Februari

Bwana Mulei amekuja tena. Nimekata mwenyewe, shavu mbili safi. Embe ya pili nikajikata kidole. Kidogo tu. Bwana Mulei akanifunga kitambaa, na akamaliza kufunga, na mkono wangu bado akaushika. Sikuutoa.

Redio imeshinda na habari za Valentine. Nikaizima.

Nikamwambia mambo ya Kamakis. Akaosha kisu. "Ni vizuri kukaa na mtoto," akasema. Nilitaka aseme kitu kingine.

Jumapili, 16 Februari

Jackie amekuja bila kusema. Amefungua mlango wa jikoni akapata mzee amevaa aproni yangu ya maua, sahani imejaa embe. Nikajimwagia juisi yote kwa blauzi.

"Huyu ni Bwana Mulei, tunaimba pamoja," nikasema.

"Shikamoo," Jackie akasema — na hajawahi amkia mtu hivyo tangu shule.

Nimeingia bedroom kubadilisha blauzi. Nimeshabadilisha. Naandika nimesimama, kwa hii ukuta nasikia kila kitu. Kwanza walikula tu. Jackie akasema ni tamu. Sasa ameuliza polepole: "Mzee, mum akihamia kwangu, wewe utafanya nini?"

Mzee ameweka kisu chini.

"Nitakuja Kamakis kumuona, ukiniruhusu. Lakini kama anataka kuhama, mimi sijui. Wewe ulimuuliza?"

Kiti kimesukumwa. Viatu vya Jackie vinakuja huku kwa korido. "Mum?"

Nimesema ngoja kidogo, nafunga vifungo. Vifungo nilimaliza kitambo. Amesimama nje ya mlango, hagongi, na mimi najua kabisa kile nitamwambia: sitaki kuhama.